Chupa ya Bi Zuhura Iliyokwenda Baitul Muqaddas

Wanangu mnaofunga mizigo siku hizi, wekeni simu chini mnisikilize. Juzi nilipita Kariakoo nikamkuta kijana mmoja, jina lake nalisitiri kwa sababu mama yake ananijua, amesimama mbele ya robota lililopasuka, viatu vinachungulia nje, naye anamfokea mtu wa Guangzhou kwenye simu. Nikamuuliza, pembe za robota mlijaza nini? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mbinguni. Pembe, bwana! Robota hufia pembeni. Ukiacha hewa pale, kuli wa bandarini akilibwaga tu, habari yake imekwisha. Yule kijana akaniambia mzee, siku hizi kuna mashine. Haya, mashine ipo na viatu viko barabarani.

Mimi nilikuwa mfunga robota Guangzhou miaka ile ya mwisho ya tisini. Wafanyabiashara wetu wa Dar na Unguja walinunua nguo Shisanhang na viatu Liuhua, kule jirani na stesheni ya treni, wakaniletea chumbani kwangu Mtaa wa Dengfeng. Chumba kilikuwa chini ya ngazi, kina dirisha moja linalotazama miguu ya wapita njia. Nilimjua laobani wa duka la simu kwa kandambili zake kabla sijamjua kwa uso. Huko kila mwenye duka ni laobani, na hata mimi mwenye shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kamba waliniita hivyo hivyo, nikafurahi bure.

Kiatu hakisafiri na boksi lake, hilo mlishike. Boksi unalikanyaga linakuwa bapa, linakwenda chini kabisa. Soksi zinaingia ndani ya kiatu cha mtoto, cha mtoto ndani ya cha mkubwa. Suruali inaviringwa, haikunjwi. Nailoni ndani, gunia nje, halafu unapanda juu, unakanyaga kwa visigino kuanzia katikati kwenda pembeni, si kuanzia pembeni, na unashona huku umelikalia ili lisipate kupumua. Mshono wa mwisho ni sahihi yako. Wangu ulirudi nyuma na kufichwa fundo ndani, na mtu akiufungua njiani akaushona tena, mimi nilijua kwa kuutazama tu.

Haya yote nilifundishwa na Bi Zuhura. Alikuwa mjane wa Unguja, mnene, mweupe wa meno, mwenye ulimi mkali kuliko shazia lenyewe. Alinunua mabuibui na vitambaa, na watu walimwogopa hadi Wachina. Laobani wa Shisanhang akimwona anaingia, vitambaa vibaya vinarudishwa chini ya meza vyenyewe. Alikuwa anashika kitambaa kwa vidole viwili, anakisugua, anakinusa, halafu anasema kimefumwa wapi. Mimi nilifika kule sijui hata kufunga kamba ya kiatu changu. Akanichukua, akanifundisha kwa matusi, na jioni ananipa wali.

Neno alilolichukia duniani ni kidogo. Siku moja, nikiwa mgeni bado, mvua iliingia chumbani, robota moja likakaa kwenye maji. Akaniuliza vipi mzigo wangu. Nikasema, umelowa kidogo.  Alichukua mkasi, akakata mshono wangu wote niliojivunia, akatoa buibui moja baada ya jingine na kulikamua mbele yangu, maji yakatiririka hadi mlangoni. Ndipo akasema katika kazi hii hakuna kidogo; kuna kukauka na kuna kulowa. Tangu siku ile mtu akiniambia mzigo wake umechanika kidogo, mkono wangu unatafuta mkasi.

Sasa huyu mtu wa vidole na macho, macho yakaanza kufifia. Sisi hatukujua. Alificha. Alianza kwa kushika ukuta akishuka ngazi, akasema ni magoti. Halafu tukapeleka nyumbani mabuibui, marobota mengi, kitambaa safi, mshono safi, na simu ikaja kutoka Unguja kwamba yote ni ya bluu. Bluu ya giza, lakini bluu. Nani anavaa buibui la bluu kwenda mazikoni? Kwanza tulicheka. Niliangua kicheko mimi, nikashika mbavu. Nilipomtazama yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameketi juu ya robota, amekunjua kipande cha kitambaa kile mapajani, anakipeleka dirishani na kukirudisha, dirishani na kukirudisha.  Niliona aibu ambayo hata sasa nikiikumbuka naifuta usoni kwa mkono.

Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mama wa Kichina mwenye sauti ya chini, akatueleza kupitia binti wa duka la simu aliyejua Kiingereza. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akasema ugonjwa huo unatolewa, watu wanatolewa kila siku na wanaona, ila asikawie, maana ukikomaa sana kazi inakuwa ngumu na huenda jicho lisirudi. Mimi nikashukuru Mungu palepale. Bi Zuhura akasimama, akavuta mtandio, akasema twende zetu.

Njiani ndipo akanieleza. Alikuwa na nadhiri. Marehemu mumewe aliwahi kufika Makka, lakini siku zote alitamani kusali Baitul Muqaddas, kule Yerusalemu, akafa hajafika. Bi Zuhura akaapa atakwenda yeye. Mwaka mmoja alikuwa tayari na safari, redio ikasema kuna vurugu, milango imefungwa, akaahirisha. Mwaka uliofuata kontena lilichelewa. Sasa hata ngazi ya nyumba yake haioni, ataonaje mji ule? Na ameapa kwamba hakuna kisu kitakachogusa jicho lake kabla nadhiri haijatimia.

Wote tulimshauri. Mashekhe waliopita Guangzhou wakamwambia nadhiri ina mlango wake, mgonjwa ana ruhusa zake. Anaitikia, halafu haendi. Wiki zikapita. Akawa ananituma nimsomee rangi za vitambaa, yeye aliyenifundisha rangi. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia wazi.

"Bi Zuhura, wewe unaogopa kisu."

Nilidhani atanirushia sufuria. Vidole vyake vikawa vinachezea pindo la kanga.

"Naogopa, mwanangu," akasema. "Naogopa sana. Ndiyo maana n'nataka kitu changu kifike kule kwanza."

Ndipo akakumbuka jambo la chuoni, alilosomeshwa angali mtoto: kwamba asiyeweza kwenda kusali katika msikiti ule, basi apeleke mafuta ya kuwashia taa zake, atakuwa kama aliyefika. Uso ukamfunguka. Akaniambia, nenda weye. Mafuta yangu yakifika, siku ya pili n'peleke hospitali.

Mimi, Shabani, mfunga robota, niende Baitul Muqaddas! Pasi yangu ilikuwa na muhuri wa kwenda na kurudi Hong Kong basi. Lakini ningekataaje? Na kusema kweli sikutaka kukataa. Yule mama alinilisha.

Mafuta yakanunuliwa kwa Waislamu wa Kichina, wale wauza nyama wenye kofia nyeupe, karibu na msikiti wa kale wa mjini. Bi Zuhura alitaka ya zeituni, laobani akasema meyo, neno lao la kukwambia hakuna na usirudie kuuliza. Kulikuwa na ya ufuta. Sasa ufuta wa Wachina unakaangwa kabla ya kukamuliwa. Ukifungua chupa, chumba kizima kinanukia tambi. Bi Zuhura alinusa, akakunja uso, kisha akasema taa haina pua.

Nilikuwa na rafiki, Papa Déo, Mkongomani wa Bukavu, zamani mwalimu, wakati ule mnunuzi wa redio na betri. Mkatoliki safi, msalaba shingoni. Vita vilikuwa vimeingia kwao, mkewe na watoto walikuwa ndani ya mji na yeye nje, hana njia ya kurudi. Anapanga foleni kwenye kibanda cha simu Dengfeng, na mara nyingi simu inalia tu kule. Aliposikia ninakwenda, akasema na yeye anakwenda Yerusalemu, ana maneno ya kumwambia Mungu uso kwa uso. Akaitazama chupa yangu.

"Mon frère," akasema, "kule kuko courant. Mafuta ni ya nini?"

Courant kwao ni umeme. Nikamwambia fuata lako.

Niliifunga chupa ile kuliko nilivyowahi kufunga kitu. Kizibo nilikidondoshea nta ya mshumaa hadi kikafunikwa. Nailoni, fundo. Nailoni ya pili, kichwa chini, fundo. Halafu nikaiviringa ndani ya mswala wangu mwenyewe, mwekundu, wa kule kule Liuhua, na nikaushona kwa shazia mshono wangu. Nikampa Bi Zuhura akaushika. Akauvuta huku na huku, akaubinya, akaugonga juu ya meza. Akasema, hili limefungwa. Wanangu, katika kazi yangu yote hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na niliisikia hadi kwenye visigino.

Tulipitia Bangkok hadi Amman, kisha gari hadi kwenye daraja la mto Yordani. Nilidhani nitaona mto. Kijito tu, Msimbazi ukijaa una maji zaidi. Lakini upande wa pili palikuwa na bunduki na meza ndefu, na kila kitu kinafunguliwa. Askari wa meza yangu alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa binti yangu, bunduki imemzidi kimo. Akaukata mshono wangu kwa kisu. Mshono wangu! Akafungua nailoni, akaibandua nta, akanusa, akawaita wenzake wanuse. Wakajadiliana. Mwishowe akanionyesha kwa ishara: kunywa.

Nikanywa. Funda kubwa la mafuta ya ufuta, tumbo tupu, mbele ya foleni nzima. Papa Déo alicheka hadi yeye naye wakamkagua upya. Yule msichana akatabasamu, akanisukumia vitu vyangu, akaita anayefuata.

Hapo ndipo nilipokosea. Watu wananisukuma nyuma, gari linapiga honi. Nikakandamiza kizibo kwa gumba, nikaviringa mswala, nikafunga kamba. Nta sina. Shazia nililiacha Guangzhou. Na chupa nikailaza ubavuni. Mfunga robota mzima, nikafunga mafuta jinsi mtu anavyofunga maandazi ya safari.

Mji ule, wanangu, siwezi kuwaelezea wote. Ni mawe juu ya mawe, na mawe yamelainishwa na miguu. Mitaa myembamba yenye paa, hariri huku, bizari huku, na kila kona askari wawili. Mtu anapita na sinia la mikate ya duara kichwani, imejaa ufuta. Mimi nimevuka dunia na chupa ya ufuta kwenda kwenye mji wa ufuta! Na nisiwafiche: kwenye duka moja niliona robota, nikasimama nikautazama mshono. Ulikuwa wa Guangzhou. Mchina ametufikisha wote.

 Tulifika asubuhi, wenye maduka ndiyo wanafungua. Mama mmoja alikuwa anafagia mbele ya mlango wake, anafagia kuzunguka viatu vya askari, na askari akainua mguu mmoja, akafagia, akainua wa pili, akafagia.  Papa Déo alisimama akatazama mpaka mama yule alipomaliza na kumwaga maji.

"Kama hawa wanafagiaka," akaniambia, "na siye tutafagia."

Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Nikamshika mkono hadi njia panda, yeye akaenda kanisani kwake na mimi msikitini.

Mlangoni kwanza askari, halafu walinzi wa msikiti wenyewe. Mtu mweusi, koti la jinzi la Shisanhang, ananuka tambi. Wakanitazama. Mmoja akaniambia soma Alhamdu. Nikaisoma, kwa sauti niliyofundishwa chuoni Ilala, na nilipofika mwisho nikawa ninalia kama mjinga. Yule mlinzi akaniitikia amin, akanifungulia.

Ndani ya uwanja, chini ya miti ya zeituni, nikafungua mswala. Ndipo nikaona. Mafuta yalikuwa yametoka. Mswala umelowa kutoka kwenye mihrabu iliyochorwa hadi karibu na mahali pa magoti, na chupa imebaki nusu, pengine chini ya nusu. Nilikaa chini. Nilisikia sauti ya Bi Zuhura wazi kabisa, ikiniuliza kwani wewe nilikufundisha nini.

Mhudumu mmoja wa makamo, mwenye ndoo na vitambaa, akanijia. Kiarabu changu ni cha kusalia, si cha kuongea, na Kiingereza chetu wote wawili kilikuwa cha kuungaunga. Nikamweleza: mama, Afrika, China, macho, taa. Akaelewa. Akanyoosha kidole juu: balbu. Kila mahali balbu. Papa Déo alisema kweli, kuko courant. Sijui uso wangu ulikuwaje, maana yule bwana aliweka ndoo chini, akawaza, kisha akanivuta kiganja. Akanipeleka kwenye mlango mmoja mkubwa wa pembeni, akausukuma. Ulilia kilio kirefu hadi njiwa wakaruka. Akachukua kitambaa chake, akaniashiria nimimine.

Tukaipaka mafuta bawaba ya chini, ya katikati, na yeye akapanda juu ya ndoo akapaka ya juu. Akausukuma mlango. Kilio kikapungua. Tukapaka tena. Akausukuma tena, ukafunguka kimya, na mwanga wa uwanjani ukaingia ndani hadi kwenye mazulia. Akageuka akacheka kwa furaha, akaniuliza jina la mama. Zuhura, nikasema. Akalirudia huku anaufungua na kuufunga ule mlango, kana kwamba anaufundisha. Chupa na mafuta yaliyobaki akaviweka mahali pake pa vitu vya kazi, akasema milango ni mingi. Mimi nikatandika mswala wangu uliolowa, nikasali, nikamwombea Bi Zuhura jicho moja tu kama mawili ni mengi.

Niliporudi Dengfeng alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chumba changu, sijui tangu lini. Alinijua kwa hatua. Nikamweleza habari yote, balbu, mlango, jina lake. Aliuliza jambo moja tu kuhusu mlango, kama uliacha kulia. Nikasema uliacha. Akavuta pumzi ndefu. Halafu pua ikamcheza.

"Shabani, mafuta yalivuja?"

"Kidogo," nikasema.

Lilinitoka. Naapa lilinitoka lenyewe. Yeye akanyoosha mkono nimwinue. Kesho yake tukaenda hospitali.

Alitaka mswala ule akae nao. Wauguzi walikataa kwa sababu ya harufu, nikaukunja ndani ya mfuko, akaupakata mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na pale alinibana mkono hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Jicho la kulia kwanza. Papa Déo alikuja tukaketi pamoja kwenye benchi. Asubuhi ile simu yake ilipokelewa Bukavu; mkewe aliongea naye, watoto wazima, shule imefungwa lakini nyumba ipo. Aliniambia hivyo akaanza kucheka, na mimi nikacheka, watu wakatutazama.

Siku ya kufungua, daktari alisogeza pazia ili mwanga usiwe mkali, akabandua pamba taratibu. Bi Zuhura alipepesa jicho. Lilikuwa jekundu, lina machozi. Hakututazama sisi. Alisema nipeni mswala wangu. Nikautoa, nikautandaza mapajani mwake. Aliinamisha uso, akapitisha kidole kuanzia kwenye mihrabu, polepole, akifuata ukingo wa doa, akashuka nalo, akashuka, hadi karibu na mahali pa magoti. Kisha akainua kichwa, akanitazama, na jicho lile lilikuwa linaniona mimi, uso mzima.

"Hiki ndicho kidogo?" akasema.